Fundi apime kwanza, bei baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye magari madogo yaliyozeeka, na mafundi wenzangu nao wasikie. Gari lenye miaka 15 na kilomita zaidi ya 150,000 halimfilisi mwenyewe kwa uzee wake. Linamfilisi kwa vifaa vinavyobadilishwa kwa kupiga ramli: leo plagi, kesho koili, wiki ijayo pampu ya mafuta, kisha sensa mbili, na injini bado inatetemeka vilevile. Kusanya gharama ya vifaa vizima vilivyotolewa bure, mara nyingi utakuta imeshapita gharama ya ugonjwa wenyewe.

Ninachoomba ni kimoja. Bei ya matengenezo isitajwe kabla injini haijapimwa, na kipimo kiandikwe kwa namba kwenye karatasi ileile ya bei. Wengi watasema haiwezekani kwa sababu vifaa vya kupimia ni ghali. Si kweli. Vipimo vinavyoamua hatima ya injini ndogo ya petroli ni vichache, vya muda mfupi, na vingi vinafanywa kwa geji ya kompresheni (shinikizo la hewa ndani ya silinda), multimita ya kawaida na skana ndogo ya kusomea kompyuta ya gari.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana: maswali. Tatizo linatokea injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Linatokea ukipanda mlima, au gari likiwa limesimama? Lilianza ghafla au lilikuja polepole? Chukua gari linalozima likishapata moto, likakaa nusu saa, kisha likawaka kama halina neno. Mafundi wengi wataanza na pampu ya mafuta, kifaa cha bei. Lakini sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kuwa shafti kuu ya injini inazunguka, nayo hufa hivyohivyo: waya mwembamba uliozungushwa ndani yake hutanuka kwa joto na kukatika, ukipoa hugusana tena. Kuvitenganisha viwili hivi ni kazi ya dakika tano, mradi ifanywe gari likiwa limezima, kabla halijapoa. Washa swichi bila kupiga stata, usikilize chini ya kiti cha nyuma. Kwenye magari mengi pampu hunguruma kama sekunde mbili. Kisha piga stata huku unatazama skana. Stata ikizunguka na skana ikaonyesha mizunguko 0 ya injini kwa dakika, kompyuta haioni krenki, na hapo pampu haina kosa. Mizunguko ikionekana 200 au 250 na gari haliwaki, sensa inafanya kazi; sasa ndipo utafute mafuta na moto wa plagi. Ukisubiri gari lipoe, vyote viwili vitapima vizima na utarudi kwenye ramli.

Kabla ya kuingia ndani zaidi, umeme uwe sawa. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi. Stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6, na injini ikiwaka alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Katika magari ya umri huu, ethi, waya unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini, ndiyo inayosahaulika. Weka waya mmoja wa multimita kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi umeoza au bolti yake imeshika kutu. Ethi mbovu huzaa magonjwa ya ajabu: sensa zinasoma uongo, taa ya injini inawaka na kuzima, gia za otomatiki zinagonga. Dawa yake ni msasa na bolti iliyokazwa.

Sasa skana. Soketi yake ina pini 16 na iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Marekani iliilazimisha kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001, kwa hiyo magari madogo mengi yaliyo barabarani yanayo. Tatizo halipo kwenye skana, lipo kwenye usomaji. Namba P0420 husema katalisti haisafishi moshi kama inavyotakiwa. Haisemi nunua katalisti. Kabla ya kuigusa uliza kwa nini imechoka: injini inakula oili? Imemisi, yaani silinda ikawa haichomi petroli yake, kwa miezi mitatu, petroli mbichi ikawa inaunguzwa ndani ya bomba la moshi? Ukiweka mpya bila kuondoa sababu, nayo itakufa, na katalisti ni miongoni mwa vifaa vya bei kubwa kuliko vyote chini ya gari.

Vilevile P0171, inayosema mafuta ni machache kuliko hewa. Wengi wakiiona hununua sensa ya oksijeni, ilhali sensa hiyo ndiyo iliyoripoti kosa, na mara nyingi inasema kweli. Kompyuta husoma oksijeni kwenye moshi kisha huongeza au hupunguza petroli, na skana huonyesha marekebisho hayo kwa asilimia. Yakicheza kati ya -10 na +10 hakuna neno. Yakiwa +20 au +25 injini ikiwa haijakanyagwa, kisha yakashuka karibu na sifuri ukifikisha mizunguko 2,500 kwa dakika, basi kuna hewa inayoingia kwa mlango usio wake: mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa, au ufa katika mikunjo ya lile bomba la mpira linalotoka kwenye filta ya hewa. Sababu ni hesabu tu. Tundu ni lilelile, lakini injini ikivuta hewa nyingi, ile ya wizi inakuwa sehemu ndogo ya jumla. Bomba hilo la mpira likunje kwa mikono miwili utazame kila mkunjo. Ufa hufichama bomba likiwa limelala.

Namba zikiwa kinyume, yaani injini isipokanyagwa ni nzuri na ukikanyaga zinapanda, hapo petroli haitoshi. Anza na sensa ya hewa, ile yenye waya mwembamba kama nywele. Huoshwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, isiguswe kwa kitambaa wala kidole. Kisha funga geji ya mafuta. Injini nyingi za kizazi hiki hufanya kazi kwa baa 3 hivi, na kiwango halisi kimo katika kitabu cha matengenezo cha gari husika. Geji ikisoma baa 2 ukikanyaga, sasa filta ya mafuta au pampu inastahili kununuliwa, na namba ya kuthibitisha unayo mkononi.

Kumisi ndiko kunakomaliza fedha nyingi kuliko tatizo lolote, nami nitakaa hapa kidogo. Skana ikitoa P0301, silinda ya kwanza inamisi. P0302 ni ya pili, na kuendelea. P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu, na hiyo mara nyingi hurudi kwenye hewa au shinikizo la mafuta nililolieleza hapo juu. Ukipata silinda moja, usinunue kitu. Toa koili ya silinda hiyo uihamishie ya jirani, ya jirani iletwe hapa, futa namba za hitilafu, endesha dakika kumi. P0302 ikigeuka P0303, koili ni mbovu: nunua moja, si nne. Ikibaki palepale, hamisha plagi kwa njia hiyohiyo. Ikibaki tena, hamisha nozeli za kupuliza petroli kama zinafikika. Vyote vitatu vikihama na kosa likabaki mahali pake, ugonjwa uko ndani ya silinda, na sasa ni zamu ya kompresheni.

Ukiitoa plagi itazame vizuri, kwa sababu imekaa ndani ya moto na imeona mambo. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli kupita kiasi. Ncha nyeusi inayong'aa kwa mafuta ni oili inayopita ringi au sili za valvu. Ncha iliyooshwa ikawa nyeupe safi, na hizo nyingine tatu zina rangi, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda hiyo. Tazama pia mwanya: injini nyingi zinataka kati ya milimita 0.8 na 1.1, na plagi ya kawaida iliyokwenda kilomita 50,000 huwa imeupita. Mwanya ukizidi, koili hulazimika kutoa umeme mkali zaidi, na ndiyo maana plagi chakavu huua koili nzima.

Na lile shimo ambamo plagi hukaa, limulike kwa tochi. Mara nyingi utaona oili imetuama, sentimita mbili au tatu, mpira wa koili umelainika na kuvimba. Hiyo ni gasketi ya mfuniko wa valvu, iliyokauka ikawa ngumu kama plastiki. Oili hiyo hula mpira, cheche zinapita pembeni kwenda kwenye chuma, injini inamisi. Mwenye gari aliyebadilishiwa koili tatu kwa mwaka mmoja aulize kama kuna aliyegusa gasketi hiyo. Ikibadilishwa, pete za kuzunguka mashimo ya plagi zibadilishwe pamoja nayo, kwa kuwa zina umri uleule.

Kipimo cha kompresheni kina masharti yake, na kisipoyafuata kinadanganya. Injini iwe ya moto. Betri iwe imejaa. Plagi zote zitolewe, isiwe moja moja. Fyuzi ya pampu ya mafuta itolewe na soketi za umeme za koili zichomolewe. Pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho ili hewa ipite. Kisha stata izungushwe mpaka geji ipande mara tano au sita, na kila silinda ipate idadi ileile. Injini nzima ya petroli huonyesha kati ya psi 150 na 200 kutegemea aina, lakini usawa una maana kuliko ukubwa. Silinda zikisoma 155, 150, 152, 150, injini imezeeka kwa amani na bado itafanya kazi. Zikisoma 175, 170, 172 na 110, kuna mgonjwa mmoja.

Kwa huyo mgonjwa, mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda hadi 150, oili imeziba pengo kati ya pistoni na ukuta: ringi zimechoka. Isipopanda, hewa inatoka juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao, karibu kila mara. Ukiwa na kompresa, kunapatikana uhakika zaidi: pandisha pistoni juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, ingiza hewa kupitia tundu la plagi, sikiliza. Ikivuma kwenye bomba la moshi ni valvu ya kutolea moshi. Kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia. Kwenye tundu la kujazia oili ni ringi. Rejeta ikitoa mapovu ni gasketi ya hedi au ufa. Kuna fundi atakayekwambia anayajua yote haya kwa kusikiliza injini. Sikio zuri ni mali, lakini halitenganishi valvu iliyoungua na valvu iliyokazwa mno. Injini nyingi ndogo zina valvu zinazohitaji kurekebishwa nafasi yake, na ile ya kutolea moshi ikikosa nafasi haifungi vizuri, kompresheni inashuka. Kupima kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, na kurekebisha ni kazi ya saa mbili tatu. Kufungua hedi ni ya siku mbili. Hiyo ndiyo tofauti ya bei inayopotea fundi akiruka hatua.

Nije kwenye kuchemsha. Hapa haraka ndiyo inayoua, kwa sababu hedi ya alumini ikizidiwa na joto hupinda, na haijali kama dereva alibakiza kilomita mbili tu kufika. Geji ya joto ikivuka mahali pake pa kawaida, simama, zima, subiri. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ikiwa moto: maji yaliyofungwa kwa shinikizo la baa 1 hayachemki mpaka karibu nyuzi 120, na ukifungua yanageuka mvuke papo hapo usoni.

Mfuniko huohuo ndio wa kwanza kuangaliwa ikipoa. Mpira wake ukiwa umechanika hauzuii shinikizo, maji huchemka mapema na kumwagika kwenye chupa ya akiba. Kisha feni: washa gari, liache lisimame, feni iwake joto likifika nyuzi 95 hadi 100 hivi. Isipowaka, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota yake. Ikizunguka, tatizo ni fyuzi, rilei au sensa. Isipozunguka, mota imekufa. Rejeta yenyewe hupimwa kwa kipimajoto cha mwanga au hata kwa kiganja kwa uangalifu baada ya kuzima: sehemu baridi katikati ya uso wa moto ni mirija iliyoziba. Inaziba kwa chumvi na kutu za maji ya bomba yanayoongezwa kila wiki. Mfumo unataka kulanti (dawa ya kupoozea injini), nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, si asidi ya betri, na ukiona unaongeza kila wiki, maji yanakwenda mahali. Tafuta mahali hapo.

Themostati, valvu inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ina kisa chake. Injini ikichemsha, wapo wanaoing'oa na kuitupa, wakiamini joto la nchi halihitaji themostati. Huo ni ushauri mbaya, na inaniuma kuona unavyorithishwa kwa vijana wanaojifunza kazi. Bila themostati injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inazidisha petroli, mvuke wa maji unabaki kwenye oili, ringi zinasagika haraka. Na katika injini ambazo themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji, kuiondoa huyaacha maji yazunguke bila kupita kwenye rejeta, gari lichemshe zaidi ya lilivyokuwa. Kuipima ni rahisi: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, washa moto. Joto lake limeandikwa juu yake, kwa mfano 82. Ianze kufunguka karibu na hapo, na maji yakifika 95 hivi iwe wazi kwa milimita 8 au zaidi. Isipofanya hivyo, nunua mpya.

Gasketi ya hedi ihukumiwe kwa ushahidi. Uji mweupe chini ya mfuniko wa oili pekee hautoshi; gari linaloendeshwa safari fupi fupi hukusanya unyevu huo bila ugonjwa wowote. Chomoa kijiti cha kupimia oili: nacho kikiwa na uji, sasa kuna jambo. Ushahidi mzuri zaidi ni mipira ya maji kuwa migumu ndani ya dakika mbili tangu injini baridi iwashwe, kwa kuwa maji hayajapata moto wa kuleta shinikizo, kwa hiyo ni gesi ya silinda. Iko pia dawa ya buluu inayowekwa juu ya tundu la rejeta kuvuta hewa yake. Ikigeuka njano, gesi ya moto imo ndani ya maji.

Ikithibitika, bei ya gasketi ndiyo ndogo kuliko zote kwenye karatasi. Kuna saa za kufungua na kufunga, kusawazisha hedi kwenye mashine, bolti mpya, oili na filta, kulanti, na gasketi za manifoldi. Uliza bolti. Injini nyingi zina bolti za hedi zinazovutika zikikazwa, hazitumiki mara ya pili. Uliza pia hedi imepinda kiasi gani: inawekewa rula ya chuma na kupitishwa filageji chini yake, na viwanda vingi havikubali zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1, unene wa unywele. Fundi anayefunga gasketi mpya juu ya hedi ambayo haikupimwa anakuuzia kazi ileile mara mbili.

Moshi na oili nitavieleza kwa ufupi. Moshi mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mzito wenye harufu tamu, usioisha injini ikipata moto, ni kulanti. Wa buluu ni oili, na saa ya kutoka kwake ina maana: ukitoka asubuhi kwa sekunde chache kisha ukaisha, ni sili za valvu, na zinaweza kubadilishwa bila kushusha injini, ukitoka kila unapokanyaga, ni ringi. Kabla ya kuhukumu ringi toa valvu ya PCV, ile inayovuta mvuke kutoka tumboni mwa injini, uitikise. Isipolia, imeganda. Ni kifaa cha bei ndogo kabisa, lakini ikiziba, shinikizo husukuma oili kila upande, nje kwenye sili na ndani kwenye silinda. Kisha pima unywaji: jaza oili hadi alama ya juu, endesha kilomita 1,000, ongeza kwa chupa yenye vipimo. Nusu lita kwa kilomita 1,000 katika gari la umri huu ni ya kuvumilia, beba chupa kwenye buti. Ikizidi lita moja, panga fedha. Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiwa moto, zima, halafu shinikizo lipimwe kwa geji ya mkono kabla mtu hajasema beringi. Wakati mwingine ni swichi ya oili tu. Lakini kuongeza oili nzito ili taa izime ni kumfunika mgonjwa uso.

Mkanda wa taimingi haupimwi, unafuata kalenda: kati ya kilomita 60,000 na 100,000 kulingana na kitabu, au miaka yake hata kama gari halikwenda. Ukinunua gari kuukuu na hakuna karatasi, hesabu kuwa umeisha. Katika injini nyingi ukikatika valvu hugonga pistoni. Pampu ya maji inayozungushwa na mkanda huo, pamoja na roli zake, ibadilishwe siku hiyohiyo, maana kazi ya kufikia pale unailipa mara moja. Kwa wenye cheni badala ya mkanda, sikiliza asubuhi: ikikwaruza sekunde kadhaa kabla oili haijapanda, imevutika au kikaza chake kimechoka.

Mengine mwenye gari ajue tu yasimtishe. Injini ya silinda tatu, kama ile ya 1KR ya Toyota yenye sentimita za ujazo 996, hutetemeka kidogo ikiwa haijakanyagwa, na mara nyingi ni raba za kushikilia injini zilizolala, wala si kumisi.

Kuhusu injini ya mtumba, ambayo hutajwa haraka mno: ni jibu sahihi pale kompresheni imeshuka silinda zote, au krenki imeharibika. Kwa silinda moja yenye valvu iliyoungua, si jibu. Ikibidi kununua, izungushwe kwa mkono kwanza, ifunguliwe mfuniko wa oili kutazama lami nyeusi, ipimwe kompresheni kwa stata kabla haijainuliwa ikiwezekana. Ikiwa bado iko chini, badilisha sili ya nyuma ya krenki, mkanda, pampu ya maji, themostati na plagi. Ikishaingia, kila kimoja kati ya hivyo kina bei mpya ya ufundi. Na usiwashe injini hiyo kwa rejeta ileile iliyoziba iliyoiua ya kwanza.

Wenye magari nao wana deni lao. Wengi hawataki kulipia kupimwa; wanataka kuona kifaa kipya mkononi ndipo wafungue pochi. Fundi akitumia saa mbili kupima na akakwambia tatizo ni waya wa ethi, saa hizo mbili zina ujira. Ukimnyima, unamfundisha kwamba faida yake iko kwenye kuuza koili.

Karatasi ninayoipendekeza iwe na mambo haya: kilomita za gari siku hiyo, namba za hitilafu kama zilivyosomwa kabla ya kufutwa, kompresheni ya kila silinda kavu na yenye oili, volti za betri na chaji, asilimia za marekebisho ya petroli injini ikiwa haijakanyagwa na kwenye mizunguko 2,500, na shinikizo la mafuta. Chini yake ndipo ije bei, vifaa upande mmoja na ufundi upande wa pili, na vifaa vilivyotolewa virudishwe ndani ya boksi la vile vipya. Gari likienda kwa fundi mwingine mwaka ujao, naye ataanza na karatasi hiyo, apime silinda ileile, na aone kama 110 imekuwa 95 au imebaki 110.

Wako,
Fundi wa injini za petroli